Marehemu Aitwaye Roku

Mtaa wetu wa Hewa Bora uliamini mambo mengi. Uliamini kwamba kuna wafanyabiashara wanaofuga nyoka chini ya kitanda na nyoka huyo anatapika noti. Uliamini kila kitu redio ilichosema asubuhi, na jioni redio ikibadili maneno uliamini na hayo pia. Jambo moja tu lilikuwa kubwa mno kwa mtaa ule: kwamba mtu aliyevuka miaka arobaini anaweza kupanda ngazi za tanuru la shaba bila kuhema, kwa sababu tu kila asubuhi anafanya mazoezi.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Walikuwa wavivu. Mvivu akimwona mtu asiyechoka, anatafuta sababu ambayo haitamlazimu yeye kuamka mapema.

Judo nilijifunza nikiwa kijana, katika ukumbi wa kampuni, jioni baada ya zamu. Tulikuwa wanaume wengi, wote wafanyakazi, na mikeka yetu ilikuwa majani makavu yaliyoshonewa turubai. Mwaka nilipofunga mkanda mweusi, nilidhani tutazeeka pamoja mle ndani. Kisha Chama kikauhitaji ukumbi. Siku zile Chama kikihitaji kitu hakikuomba. Mikeka ilitolewa nje, ikanyeshewa na mvua, ikaota uyoga, na ukumbi wakapewa wachezaji ngoma wa kuwapokea wakubwa uwanjani. Wenzangu hawakufungua mdomo. Wengine waliingia katika kikundi chenyewe. Wanaume niliowahi kuwaona wakivumilia kukabwa koo mpaka macho yanawatoka, sasa walikuwa wanatikisa kiuno kwa filimbi, wamevaa kitambaa chenye sura ya Rais kifuani na nyingine matakoni.

Waliobaki walikwenda kwenye bia. Aliyekuwa msaidizi wa mwalimu wetu, mtu ambaye zamani alikuwa na kiuno kama cha nyigu, alihamia kwenye baa ya njia panda na hakutoka tena. Aliendelea kujiita *maître*, yaani mwalimu. Kila nilipopita aliniita raia, kwa Kifaransa kama Chama kilivyotaka tuitane, kwa sauti ya kusikiwa na meza zote.

"Sitwayeni! Ungali unapigana na muti?"

"Ningali."

"Na muti unasema nini?"

"Muti haukunywaki bia, *maître*. Unasimama tu."

"Utakufa na afya yako yote, weye!"

Meza zilicheka. Alikuwa na kipaji hicho, kuchekesha watu waliokaa. Mara moja, kwenye sikukuu ya wafanyakazi, alivaa kimono chake ili apigwe picha. Mkanda mweusi ulifungwa chini ya tumbo, mahali ambapo mtoto hufungwa nepi. Alipiga magoti kwa ajili ya picha, kisha ilibidi watu wawili wamwinue. Nilisimama pale nikaangalia yote, na nikajiambia kwamba afadhali nicheze judo na hewa mpaka nife.

Basi nilicheza na hewa. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mwavokado. Nilifunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye shina lake, nikashika ncha mbili kama mtu anavyoshika mikono ya kimono cha mwenzake, nikavuta, nikageuka, nikaingiza nyonga, nikarudi. Nilijaza magunia unga wa mbao kutoka kwa maseremala na nikajiangusha juu yake kila asubuhi: kuanguka ubavu, kuanguka mgongo, kuviringika juu ya bega. Kitu cha kwanza ambacho mwili wa mtu mzima unakikataa ni kuanguka. Kutupa bado anaota kwamba anaweza. Kuanguka anaacha kimyakimya, na siku anapokosea hatua jikoni anavunjika kama kikombe. Mimi sikutaka kuacha. Nilianza polepole zaidi kuliko zamani, goti la kulia likanung'unika, nikalisubiri. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, nilikimbia hapohapo nimevaa koti mpaka jasho lije, kwa sababu nyama baridi ya mtu wa umri wangu inachanika kama nguo kuukuu. Wakubwa walikuwa na tenisi yao kule Karavia, na kaptula nyeupe, na mtu wa kuwaokotea mipira. Wao hakuna aliyewauliza wanampiga nani.

Mwisho wa mazoezi nilisimama mbele ya mti, sasa bila mpira, mikono mitupu, nikamshika mtu asiyekuwepo. Nilimwinamia kwanza, kama adabu ya judo inavyotaka. Nikamwingia, nikamtupa, nikamwingia tena. Nilihesabu kwa Kijapani, kama tulivyofundishwa ukumbini. Namba nyingi zilitoka kwa mnong'ono. Lakini nikifika kwenye sita pumzi ilikuwa inaanza kukatika, kwa hiyo namba hiyo niliisukuma kwa nguvu kutoka tumboni. Sita kwa Kijapani ni *roku*.

Upande wa pili wa ua aliishi fundi wa redio. Redio nyingi za wilaya yetu ya Kampemba zilifia mikononi mwake. Alikuwa na masikio marefu kwa mambo yote isipokuwa redio, na ndiye aliyeutangazia mtaa kwamba nina mtu wangu.

"Anaitwa Roku," aliwaambia wanawake kwenye bomba la maji. "Kila asubui anamuamusha. Anamuinamia kwanza, pole pole, vile unasalimiaka bakubwa. Kisha anamupiga! Roku! Roku! Na ule mufu anakubali tu."

"Ju ya nini anamupigaka?"

"Asiende kulala! Si njo ule anamutumikiaka ku kazi? Mulishaka kumuona amechoka, ule muntu?"

Hapo wanawake walikubali. Kweli hawakuwahi kuniona nimechoka. Marehemu Roku alikuwa anabeba vyuma vyangu kwenye tanuru, mimi nikitembea mikono mitupu. Wengine walikumbuka hata sura yake. Mwanamke mmoja aliyeuza mikate ya kukaanga alisema alimjua akiwa hai, alikuwa mtu mfupi wa upande wa Kinsevere, mpole sana.

Tangu utoto wangu sikuwa na desturi ya kuwajibu majirani. Baba alifariki, mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, mkubwa wa watoto wanne. Niliacha shule katikati ya muhula, nikaacha na daftari ndani ya dawati. Ndugu za baba walikuja, wakala matanga, wakaangalia vitanda vyetu, wakarudi kwao. Tangu siku ile nilishika kanuni moja: hakuna mtu atakayetuonea huruma na hakuna atakayetucheka. Wadogo zangu walitoka nje wakiwa safi hata siku ambazo ndani hapakuwa na unga wa bukari, ugali wetu. Wanaume wawili walikua wakaenda zao, mmoja Likasi, mwingine Kolwezi. Alibaki dada yetu mdogo, ambaye mama alimwacha hajaota meno.

Dada huyo sasa alikuwa muuguzi, na alikuwa na miaka ambayo mtaa ulikuwa umeanza kuitaja kwa kushusha sauti. Hakuwa na kasoro. Alikuwa amesubiri mtu asiye mjinga, na Lubumbashi hilo linachukua muda. Hatimaye alimpata, mwalimu wa hesabu, mtoto wa watu wa Kasai waliokaa hapa tangu zamani, watu wa kanisa na wa biashara ya vitambaa. Dada yangu alianza kuimba akiwa anafua. Sikuwahi kumsikia akiimba. Nilifanya mazoezi yangu nikimsikia, na nilikuwa tayari kumsamehe mwalimu huyo mambo mengi, hata viatu vyake vyenye ncha.

Ndipo baba mdogo wa mwalimu akaja, yeye ndiye aliyesimamia mambo ya ndoa kwa upande wao. Alikuwa shemasi mnene, koti la abakosti limembana shingoni, na kitambaa cha jasho mkononi. Mwalimu alikaa nyuma yake akiangalia viatu vyake. Dada yangu alileta maji ya kunywa, akarudi nyuma ya pazia. Nilijua yuko pale, niliona vidole vya miguu yake.

"Sitwayeni," shemasi akaanza, "sisi tunamupenda huyu binti. Binti iko muzuri, iko na adabu, iko na masomo."

"Asante."

"Lakini tunaoa bibi mumoja."

"Ni mmoja ninaye."

"Hapana. Tunasikia muko na mutu mwingine humu ndani. Anaitwa Roku." Alijipangusa shingo. "Atafuata binti? Ataenda kulala wapi? Sisi batu ya Mungu, hatuwezi kuoa bibi na mufu yake."

Nilimtazama mwalimu wa hesabu. Mtu aliyefundishwa kuthibitisha kila kitu kwa chaki ubaoni. Alikuwa bado anaangalia viatu.

"Roku ni sita," nikasema. "Kwa Kijapani. Ninahesabu."

"Eh," akasema shemasi kwa upole wa mtu anayemsikiliza mlevi. "Na unamuinamiaka sita?"

Akaendelea. Walikuwa wameomba, wakapata njia. Jumapili nitakuja kanisani kwao na kimono. Nitaungama mbele ya watu, kimono kitachomwa, nitapakwa mafuta, na mazoezi yatakwisha. Kisha wataleta mahari. Nisipokuja, basi. Alisema "basi" kwa Kifaransa, ili iwe rasmi.

Nikamwambia nimemsikia. Nikawafungulia mlango.

Dada yangu alitoka nyuma ya pazia kabla geti halijafungwa.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "kubali."

"Nikubali kwamba wewe ni dada wa mulozi, mchawi anayefuga wafu?"

"Watakuombea, itakwisha!"

"Haitakwisha. Ukichelewa kupata mimba, watasema Roku. Mtoto akikohoa, Roku. Nikiungama leo, huyo mtu amezaliwa. Utamlea wewe, huko kwao, maisha yako yote."

Hilo alilielewa, maana aliketi. Lakini hakunyamaza.

"Acha mazoezi tu, basi. Bila kuungama. Mpaka ndoa ipite. Miezi mitatu, yaya."

Hapo nilishindwa kumweleza, na mpaka leo sijui kama ningeweza. Kijana akiacha miezi mitatu, anarudi akicheka. Mtu wa umri wangu akiweka mwili chini, haunyanyuki tena. Niliwaona wote. Kila mmoja alisema "mpaka kipindi hiki kipite", na kipindi hakikupita, na sasa walikuwa wanahitaji watu wawili wa kuwainua. Nilijiona kwenye meza ya baa, nikiitwa *maître*, nikichekesha.

"Siwezi," nikasema.

"Hautaki."

"Ndiyo. Sitaki."

"Miye nilikuwa ninafikiri unatupenda," akasema. "Kumbe unapendaka muti."

Usiku ule hakula, na siku zilizofuata hakuimba.

Nilikwenda kazini na hasira ya kupasua mawe. Niliwadharau wote, mmoja mmoja na kwa jumla: fundi wa redio, wanawake wa bomba, shemasi na kitambaa chake, mwalimu na ncha za viatu. Lakini dharau haimwozeshi mtu dada yake. Katika kuwafikiria kwa ubaya, nikakumbuka jambo moja juu yao. Kulikuwa na kichaa katika mtaa wetu, ambaye zamani walimkimbia wakisema ana pepo. Siku moja aliteleza kwenye matope mbele ya duka, suruali ikampasuka, mtaa mzima ukacheka. Kuanzia siku ile walimpa mikate. Watu wale hawakuweza kuogopa kitu walichokwisha kukicheka.

Nilielewa ni nini kinachotakiwa kwangu, na kilinichukiza kuliko kanisa na mafuta.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa. Kila mtu alitoka na jembe au panga kusafisha mitaro, na kwa kuwa mitaro ilisafishwa kwa maneno zaidi kuliko kwa jembe, watu wote walikuwa barabarani, wamesimama, wanangoja kitu cha kutazama. Nilikuwa nimetuma neno kwa shemasi kwamba Jumamosi mchana atamwona Roku kwa macho yake. Alikuja, na Biblia kwapani. Mwalimu alikuja nyuma yake.

Nikatoka getini nimevaa kimono, jua likiwa kichwani. Kilikuwa kimefuliwa mpaka kimekuwa rangi ya maziwa ya unga, na viraka kwenye viwiko. Wanawake walirudi hatua. Fundi wa redio akajificha nyuma ya jembe lake, ambalo halikumficha.

"Mlitaka kumwona," nikasema. "Huyu hapa."

Nikamwinamia Roku katikati ya barabara.

Mwanzoni hakuna aliyecheka. Nikamshika, nikamwingia, nikahesabu kwa sauti kubwa, na kwa kila namba nikaieleza: hii ni moja, hii mbili. Nilipofika *roku* nikasema, "Sita!"

"Sita gani inaitwa Roku?" akauliza fundi kutoka nyuma ya jembe.

"Ya Wajapani."

"Bajaponi banahesabiaka bantu bafu?"

Maelezo yangu hayakusaidia kitu. Shemasi aliikaza Biblia kwapani. Niliendelea kumtupa mtu asiyekuwepo, jasho likinitoka, na nilianza kuona kwamba nimekosea, kwamba nimewaletea mulozi wao mchana kweupe. Nilitazama mlango wa jikoni kupitia geti lililo wazi. Dada yangu alikuwa amesimama pale, mkono mdomoni.

Ndipo yule mwanamke wa mikate ya kukaanga akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli.

"Lakini we baba! Kila siku Roku tu anaanguka! Mwache na yeye ashinde mara moja, masikini!"

Mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine. "Njo vile!" wakasema. "Roku ashinde!" Wakaanza kupiga majembe chini. "Roku! Roku! Roku!"

Nilisimama nikihema. Barabara ilikuwa udongo mgumu wenye changarawe, hapakuwa na magunia. Tangu nilipoacha shule sikuwa nimempa mtu hata mmoja wa mtaa ule sababu ya kunicheka.

Nikamwinamia Roku tena. Nikamshika, na safari hii nikamruhusu aniingie. Nikainuka hewani juu ya bega lake, nikapinduka, nikaanguka mgongo na mkono ukapiga ardhi kwa mlio wa bati. Ulikuwa mwanguko safi, hakuna kijana wa ukumbini ambaye angeupata vile. Hakuna aliyejua hilo. Walipiga kelele kama uwanja wa mpira.

"Amemuangusha!"

"Roku, mumalizie!"

Roku akanimalizia. Alinikalia kifuani, akanikaba kola. Nikatapatapa miguu, nikapiga ardhi kwa kiganja kuomba aniachie, kama kanuni inavyosema.

"Anaomba musamaha! Muzee anaomba musamaha kwa Roku!"

Fundi wa redio alikuwa ameliacha jembe, amekaa chini, anajishika mbavu. Wanawake walishikana mabega. Nilikuwa chali, changarawe zikiwa zimeingia kwenye kiwiko, nikiwatazama kutoka chini, nyuso zote zikiwa wazi na meno nje, na sikuwahi kuwadharau kama wakati ule. Nikainuka. Wakaomba tena. Nikaanguka tena.

Nilipoinuka mara ya mwisho, shemasi alikuwa analia kwa kicheko. Biblia ilikuwa imehamia kwa mwalimu, na mwalimu naye alikuwa amesahau viatu. Shemasi alinijia akiyumba, akanigeuza, akaanza kunipangusa vumbi mgongoni kwa kile kitambaa chake cha jasho, kwa mapigo mazito, kama mtu anayesafisha gunia.

"Huyu mutu yenu!" alisema. "Ah, huyu Roku! Anakupiga kabisa! Mukuje naye ku ndoa, atakula na batoto." Akapumua, akapangusa macho kwa kitambaa kilekile. "Tutakuja kesho, siku ya Mungu... hapana, ngoja, nitatuma neno. Tutakuja na mahari. Umesikia, bukwe?"

Bukwe ni neno tunaloitana huku wakwe na mashemeji. Alilisema bila kufikiri, akiwa bado anacheka.

Nilikuwa na damu kwenye kiwiko na mchanga mdomoni. Kulikuwa na mambo mengi ambayo ningeweza kumwambia mtu yule. Kule jikoni dada yangu, peke yake katika mtaa mzima, hakuwa amecheka. Alikuwa ameondoa mkono mdomoni na alikuwa ananiangalia, anangoja nitasema nini.

"Nimesikia, bukwe," nikasema.